Atakayeshika Mpira Wako

Kambale,

Mambo ya chandarua, ya sweta na ya dawa ya malaria mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atayarudia pikipiki ikiwa tayari inanguruma. Sitayagusa. Wala sitakuomba tena ubaki. Nimekwisha kukuomba kwa sauti ile ninayoitumia mbele ya kikao cha wazazi na mbele ya kanisa, nawe ulinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja kengele. Halafu ukasema, "Papa, umesema muzuri. Kama kila siku." Sijapata kupewa sifa iliyoniuma zaidi.

Ndiyo maana nakuandikia. Karatasi haina nyuso za watu. Siwezi kuziona zikilegea nikadhani kwamba nimesema kweli.

Kesho unaondoka hapa Mususa, unapita Kasugho, unaingia msituni hadi kwenye ule mto ambako watu wanakaa juu ya draga, kile chelezo chenye mashine ya kufyonza mchanga, na kumtuma kijana mmoja chini ya maji ashike mdomo wa bomba mahali wanapodhani pana dhahabu. Kijana huyo wanamwita plonjere. Anapumua hewa inayoshuka kwa mpira mwembamba kutoka kwenye kompresa, mashine ya hewa iliyoko juu. Wewe unakwenda kuwa kijana huyo. Diploma yako ya hisabati na fizikia mama yako ameitundika sebuleni, karibu na kalenda ya kanisa. Umefundisha darasa la chini bila mshahara, jina lako la orodha ya mishahara ya serikali likisemekana kuwa liko njiani kutoka Kinshasa, na linaendelea kuwa njiani. Shamba la kakao la mama yako, upande wa Beni, halifikiki tena. Majirani waliokwenda kuvuna hawakurudi wote, na matunda yanaozea mtini. "Mais papa, hapa kuko nini?" uliniuliza. Wanaopaswa kukujibu swali hilo hawajui hata barabara ya kufika hapa, na wanaoijua huja na bunduki.

Kwa hiyo nenda. Lakini uende ukiwa umenisikia katika jambo hili moja, kwa kuwa mimi ndiye niliyekufundisha uzito wa maji, na nilikufundisha nusu.

Unakumbuka kidimbwi cha samaki cha misheni? Ulikuwa bado unapoteza meno ya utotoni. Ulikuwa umeona mahali picha ya mtu anayeogelea kifudifudi akipumua kwa mrija mfupi uliochomoza juu ya maji, ukataka nawe. Nilikukatia kipande cha mpira wa kumwagilia, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, ukapumua vizuri, ukawatisha samaki wote. Kisha ukakata shauri kwamba mrija mrefu zaidi utakupeleka chini zaidi. Ukauchukua mpira wote, ukafunga ncha moja kwenye mti, ukashika jiwe, ukaenda kukaa chini kwenye matope. Ulitoka una hasira. "Papa, mpira imeziba." Nikacheka, nikakueleza kwamba mpira haujaziba hata kidogo, kwamba maji ndiyo yamekukalia kifuani, na hewa ya juu ni nyepesi mno kuja kuyasukuma. Hakuna kifua cha binadamu kinachoweza kuvuta pumzi kutoka juu kwa mrija mrefu. Ndiyo sababu mrija wa kuogelea ni mfupi, na ndiyo sababu anayeshuka chini lazima asukumiwe hewa yenye nguvu sawa na maji yanayombana.

Ilikuwa asubuhi njema. Naitaja kwa sababu siku ile nilijiona mwalimu bora katika Butembo yote, na mtu aliyeketi kwenye nyasi akitutazama, ambaye hakusikia hata neno moja la maelezo yangu mazuri, alikuwa baba yako mdogo, Mbusa.

Umemjua Mbusa akiwa kiziwi na akitembea kwa kushika kuta. Habari zake unazijua pia, kwani katika nyumba hii hakuna siri, kuna mambo tu ambayo hatuyasemi mezani. Lakini umeyajua kwa vipande. Acha niyaweke pamoja mara moja, kwa utaratibu.

Mbusa alikuwa plonjere kwenye mto huohuo unaokwenda. Alikuja Noeli moja, mnene, mcheshi, anaimba besi kanisani hadi vioo vinatetemeka. Alikuwa na lalamiko moja tu. "Yaya," aliniambia, yaani kaka mkubwa, "ile maji inanitoboa masikio. Nikishuka kidogo tu, ni kama mutu anapigilia musumari." Akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Na mimi, Kambale, sikutafuta jibu katika vitabu nilivyosoma. Nililitafuta jikoni kwa mama yangu. Unajua jinsi mama zetu wa huku milimani wanavyoziba masikio ya watoto wachanga kwa pamba ili upepo wa asubuhi usiwaingie. Sote tumekuzwa hivyo. Nikajiambia kwamba kinachozuia baridi kitazuia na maji. Nikachukua nta ya nyuki kutoka Alimbongo, nikaiyeyusha, nikaikanda na pamba, nikamtengenezea vizibo viwili vya kipimo cha masikio yake. Bibi yako alinisifu mbele ya wageni. Mbusa alivijaribu, akajifanya hasikii anapotumwa kuchota maji, tukacheka wote.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo penye ile nusu nyingine.

Sikio ni chumba. Nyuma ya ngoma yake kuna hewa, na hewa hiyo ina mlango mwembamba unaofika kooni. Unaposhuka, maji yanaisukuma ngoma kuelekea ndani. Ukibana pua na kusukuma pumzi kwa upole, mlango unafunguka, hewa inaingia, ngoma inasimama sawa. Fanya hivyo kabla hujasikia maumivu, tangu kichwa kinapoingia majini, na urudie kila unaposhuka kidogo. Ukichelewa, mlango unajifunga kwa nguvu na hautafunguka; hapo usishindane nao, panda juu kidogo, uanze tena. Ukiwa na mafua, usishuke kabisa, hata patroni, mwenye draga, akikutukana ukoo mzima.

Lakini hewa iliyofungiwa upande wa nje, kati ya ngoma na kizibo cha nta, haina mlango wowote. Inabaki ilivyokuwa juu ya maji, dhaifu, huku ile ya ndani ikipata nguvu kadiri mtu anavyoshuka. Mahali penye nguvu panasukuma mahali palipo dhaifu. Ngoma inavimba kuelekea nje hadi inapasuka. Nilikuwa nimeandika sheria hiyo ubaoni mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa nimewapa sifuri watoto waliokosea kuiandika. Halafu nikaenda nikamjengea ndugu yangu, kwa mikono yangu na kwa upendo, chumba kisicho na mlango ndani ya kichwa chake.

Alipasuka masikio yote mawili katika mbizi ileile ya kwanza aliporudi mtoni. Maji baridi yakaingia mahali ambapo mwili hupimia juu na chini. Maji ya mto ule ni ya rangi ya chai; plonjere haoni hata mkono wake. Mbusa hakujua tena juu ni wapi. Alitapika ndani ya kifaa alichokuwa akipumulia. Akavuta mpira kumwita mtu wa juu, akavuta tena, na mtu wa juu, aliyekuwa amewekwa pale kwa kazi hiyo moja tu, alikuwa upande wa pili wa chelezo akibishana habari za mpira wa miguu. Mbusa akajivuta kwa ule mpira wa hewa, mkono kwa mkono, bila kujua kama anapanda au anashuka. Bahati ilimpandisha. Usaha ulimaliza kilichobaki. Kwenye draga walisema ni mamba muntu, yule mwanamke wa majini, amemnong'oneza. Kila plonjere anayekufa au kuharibika pale ni mamba muntu aliyefanya. Ni mwanamke anayewafaa sana matajiri, kwa kuwa hawezi kuitwa shahidi.

Hilo ni kosa langu la kwanza, na lingekuwa hilo tu ningeweza kuishi nalo. Nilikosa maarifa mahali nilipokuwa nayo. Watu hukosea.

La pili ulikuwepo. Ulikuwa umeketi benchi la mbele, karibu na mama yako, miguu haijafika chini. Mtu aliyeharibika sikio la ndani anayumba. Anapokwenda penye giza anaanguka. Mbusa alianza kuonekana akishika ukuta wa duka, ukuta wa kanisa, bega la mpita njia. Wakasema ni mlevi. Jambo likaletwa mbele ya kanisa, atengwe na Meza ya Bwana. Na mimi, mzee wa kanisa, nikaombwa kusema neno.

Ilinibidi kusema sentensi moja tu: huyu si mlevi, ni mimi niliyemziba masikio. Badala yake nilisimama nikahubiri huruma. Nilisema tusimtupe ndugu aliyeanguka, nilisema ni nani kati yetu asiye na udhaifu wake, nilipandisha sauti na kuishusha mahali panapofaa. Akina mama walilia. Mchungaji alinishika mkono. Wakamhurumia Mbusa kama mlevi, wakampa muda wa kutubu, na mpaka leo wapo wanaomwombea aache pombe ambayo hajapata kuionja.

Yeye hakusikia. Lakini alikuwa amekwisha jifunza kutazama midomo. Tulipotoka nje alinishika koti, akasema kwa ile sauti yake iliyopoteza kipimo, kubwa mno, watu wote wakageuka: "Yaya, mimi siko mulevi. Wewe unajua."

Nilimwambia tutaongea nyumbani. Hatukuongea.

Sikuandikii haya ili unisamehe. Msamaha si wako kuutoa, na mwenye nao sijamwomba. Nayaandika kwa kuwa unakwenda mahali ambapo watu watakufa kwa sababu mtu fulani anayejua amenyamaza, au amesema kitu kingine kizuri zaidi. Kompresa ya draga mara nyingi imefungwa bega kwa bega na mashine inayoiendesha, na mdomo wake wa kuvuta hewa unavuta moshi. Moshi ule una sumu isiyo na harufu. Unaleta kichwa kuuma, kisha usingizi mtamu, kisha mamba muntu. Sema. Sema kwa maneno machache na mabaya, kwa Kifaransa kibovu ukipenda, lakini sema siku ya kwanza, mbele ya watu: mdomo wa hewa ufungwe juu ya mti mrefu, upande upepo unakotoka. Wakikucheka, usishuke. Afadhali urudi hapa na aibu.

Sasa vifaa vyako. Nimeviweka kwenye mfuko wa bluu.

Wafanyabiashara wetu wa Butembo wanaleta kila kitu kutoka Dubai na China, na waliniletea kwanza ile miwani midogo ya mabwawa ya hoteli. Nikairudisha. Miwani isiyofunika pua huwezi kuipulizia hewa. Maji yakiibana, inafyonza macho kama kikombe cha mtu wa kuumika. Hii niliyokuwekea inafunika pua. Ukishuka na kuhisi inakubana, toa pumzi kidogo kwa pua. Ijaribu hivi: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, uachie mikono. Ikibaki imeshika, ni yako. Haitashika kwa sababu ya masharubu hayo unayoyatunza kama bustani. Yanyoe. Mama yako anaiita uso wa chura, lakini nilimkuta ameivaa mbele ya kioo.

Kifaa cha kupumulia, kile cha kuuma mdomoni, kina utando mwembamba unaofunguka unapovuta na kufunga unapoacha. Kioshe kwa maji safi kila jioni, kwani chembe moja ya mchanga inatosha kuuacha wazi. Na mpira wa hewa usiutegemee meno tu. Wa draga wanauma ncha, basi. Ukivutwa na gogo linalopita, hewa yako imekwenda nalo. Upitishe begani, uufunge kiunoni, ndipo uje mdomoni.

Mkanda wa madini ya risasi, ule wa kukuzamisha, mama yako ameushona kwa cherehani yake. Mwili wenye hewa unataka kuelea, maji yanausukuma juu kwa uzito wa yale uliyoyahamisha, kwa hiyo lazima uwe na kitu cha kukushusha. Wao wanafunga kwa kamba na fundo, na fundo lililolowa halifunguki. Huu una kifungo kinachoachia kwa mkono mmoja. Alikijaribu usiku kucha gizani, macho yamefumbwa, akivuta, ukidondoka sakafuni, anauokota, anavaa tena. Sikumwuliza anafanya nini. Nawe ujaribu hivyo hivyo, hadi mkono ujue wenyewe.

Na kupanda. Hili ndilo linaloua walio hodari. Hewa unayovuta chini imebanwa. Kwenye kina cha mita kumi unabeba mara mbili ya unachobeba juu, na pumzi moja ya huko ikipanda inataka nafasi ya pumzi mbili. Ukiizuia kifuani kwa hofu, mapafu yatapasuka ukiwa karibu kabisa kuona mwanga. Basi usizuie pumzi kamwe. Hewa ikikatika, achia mkanda, panda huku unaitoa polepole, kama mtu anayesema "aaa" kwa daktari. Usipande kwa kasi kuliko mapovu yako madogo kabisa.

Tena, anayekaa chini muda mrefu damu yake inakunywa hewa, kama sukre, yaani soda, inavyokunywa gesi kiwandani. Fungua chupa ya sukre kwa haraka, unajua kinachotokea. Sisi watu wa milimani tuna kosa letu wenyewe hapa, ambalo mtu wa bondeni hana. Vijana wa draga huzama Jumamosi mpaka jioni, kisha hupanda pikipiki moja kwa moja kuja juu Butembo, wawahi ibada ya Jumapili. Huku juu hewa ni nyepesi. Kupanda milima yetu ni kuendelea kuifungua ile chupa. Wanafika viungo vinawauma, mwingine miguu imekufa ganzi, na familia inaanza kutafuta ni jirani gani amewaroga. Kwa hiyo mimi, mzee wa kanisa, nakuambia: ukizama Jumamosi, usije kusali. Lala huko, ukae bondeni siku nzima na zaidi. Kanisa litakuwepo. Sisi tuliomo ndani tutakuwepo pia, kwa bahati mbaya.

Limebaki jambo moja, na nimelizunguka kurasa zote hizi.

Wiki iliyopita nilikuambia kwamba plonjere lazima awe na mtu wake juu, si mtu wa patroni, mtu wa kuushika mpira tangu anaposhuka hadi anapotoka, asiyefanya kingine. Nilikuambia niko tayari kuomba likizo, nije nikae juu ya chelezo kile miezi ya kwanza. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri. Ukasema, "Hapana, papa. Nitaenda na baba mudogo."

Nikasema ni kiziwi. Ukasema kompresa inapiga kelele, pale juu kila mtu ni kiziwi. Nikasema anayumba. Ukasema atakaa chini, atajifunga kamba kwenye nguzo, na mpira hausemi kwa masikio, unasema kwa mkono. Nikasema mimi najua sheria zote za maji. Ulitazama mlangoni, nami nikageuka, nikamwona Mbusa amesimama pale ameshika ukuta, ametazama midomo yetu muda wote.

Jana niliwakuta nyuma ya nyumba. Mlikuwa na kipande kirefu cha mpira. Wewe ulikuwa ndani ya choo cha zamani, mlango umefungwa, yeye nje kwenye kigoda. Alivuta mara moja: uko salama? Ukavuta mara moja: niko salama. Alivuta mara mbili, ukatoka. Mkarudia. Mara ya mwisho ulikawia kujibu, nadhani kwa kumtania, na nikamwona yule mtu ambaye hawezi kwenda sokoni bila kushika ukuta akisimama wima, bila kushika kitu, akaukimbilia mlango. Hakuanguka. Ulipofungua ukicheka, alikupiga kofi la shingo, akakutukana kwa Kinande matusi ambayo sikuwa nimeyasikia tangu utoto wetu. Nilirudi ndani kabla hamjaniona.

Umechagua vyema. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama kwa muda, kwa kuwa haina pambo na inanigharimu. Mkono wake utasikia. Wangu ungekuwa unatafuta maneno.

Kesho asubuhi watakuja majirani, watakuja wazee wa kanisa, na mmoja wao ataniomba niwaage kwa neno la baraka, kama kawaida. Nitasimama. Nitasema, mbele yao wote, kwamba Mbusa hajapata kunywa pombe, na ni nani aliyemziba masikio. Nitamtazama yeye nikisema, polepole, ili aione midomo yangu. Huenda isitoke vizuri. Baada ya hapo sitakuwa na hotuba.

Pikipiki ikiwashwa nitakuja karibu nawe, nitavuta mkono wa koti lako mara moja. Unajua ninauliza nini. Kujibu au kutojibu ni juu yako.

Baba yako